Karoti za Nambari Kumi na Nne

Kama kuna kitu ambacho Mpishi alikidharau duniani kuliko mchuzi ulioungua, ni mboga zilizokatwa tayari. Miaka thelathini na moja alipika katika shule ya bweni, wanafunzi mia sita, masufuria ambayo mtu mzima angeweza kuketi ndani, na hakuna siku aliyokubali kukatiwa hata kitunguu na mtu asiyemjua. "Mboga iliyokatwa na mgeni," alikuwa akisema, "ni kama nguo ya ndani ya kuazima. Itakutosha, lakini hutatembea kwa raha." Alistaafu, magoti yakachoka, jina la Mpishi likabaki. Hata mwenye nyumba aliyempangisha vyumba vyake viwili hakujua jina lingine.

Basi majirani walikuwa na haki ya kushangaa walipomwona mwanamke huyohuyo akirudi kila Jumatano na trei za karoti za supamaketi, zimemenywa, zimekatwa, zimefunikwa nailoni. Trei moja ilikuwa na viganja viwili tu vya karoti. Kwa bei ya hiyo moja, sokoni ungebeba kilo mbili na majani yake juu, na muuzaji angekuongezea moja ya kukutania. "Uzee umempanda kichwani," alisema jirani wa mlango wa pili, ambaye mtaa mzima ulimwita Redio, kwa kuwa habari ikishamfikia yeye imewafikia wote. Redio alisema mengi, ila la kweli hakulijua. Na kama kulikuwa na mtu ambaye Mpishi hakutaka alijue, ni Redio.

Lenyewe lilikuwa hivi. Mpishi alikuwa na binti mmoja, wa pekee, aliyemwita Kidole, kwa sababu alipokuwa mchanga alishika kidole cha mama yake na kukataa kukiachia hata usingizini. Mtoto huyo alikulia jikoni mwa shule. Aliketi juu ya sufuria iliyogeuzwa, akatazama kisu kinavyopanda na kushuka, na kabla hajajua kusoma vizuri alikuwa ameshaujua mkato wa vipembe.

Mkato huo Mpishi aliubuni mwenyewe. Karoti ina kichwa kinene na mkia mwembamba. Ukiikata duara duara, mkia unakuwa uji kichwa kikiwa bado kigumu. Yeye alikata mshazari, akaiviringisha karoti robo, akakata tena mshazari, akaiviringisha, mpaka mwisho, akizidisha urefu kila karoti ilipozidi kuwa nyembamba. Vilitoka vipande vyenye pembe, hakuna kinachofanana na kingine, na vyote viliiva kwa wakati mmoja. Wanafunzi waliviita vipembe vya Mpishi. Hakuna aliyekata hivyo isipokuwa yeye, na Kidole.

Sasa, mzazi ni mzazi. Mpishi alikata vitunguu miaka yote hiyo, macho yamevimba, vidole vinanuka hata siku ya harusi ya watu, ili mwanawe asikate. Akampeleka chuo cha uhasibu. Mwaka wa pili Kidole akarudi nyumbani na begi, akaketi kitandani kwa mama yake, akasema, "Mama, nimeacha chuo. Nimepata kazi ya kukata mboga. Mama, mimi nakipenda kisu. Tangu mtoto."

Mwenye hekima angesema, tutaongea kesho. Mpishi hakuwa na hekima siku hiyo. Alisema, "Kama ulikuja duniani kukata mboga, ungebaki tumboni."

Maji yakimwagika hayazoleki. Kidole alilichukua begi lake hata kabla hajalifungua, akaondoka, na kwa miaka mitatu hakupiga simu wala hakupigiwa. Kila upande ulisubiri upande wa pili. Majirani walipouliza, Mpishi alijibu kwamba binti yuko mji mwingine, ofisini, ana meza yake na kiti cha kuzunguka. Kile kiti alikiongeza siku Redio alipouliza mara ya pili.

Halafu ikaja ile siku ya supamaketi. Redio alikuwa amesikia kuna punguzo la sabuni, akamburuta Mpishi wakaone. Walipopita kwenye rafu ya mboga, mahali penye baridi, Mpishi akilalamikia magoti yake, Redio akacheka kwa sauti. "Hebu tazama wavivu walivyorahisishiwa! Hata karoti wanakatiwa! Kesho watatafuniwa."

Mpishi akanyoosha mkono achukue trei moja naye acheke. Akaitazama. Moyo ukamlipuka.

Vipembe. Mshazari, robo, mshazari, robo, virefu kuelekea mkia. Aliigeuza trei, akaona stika ndogo chini: nambari ya mkataji, kumi na nne. Machozi yalikuja kabla hajayaruhusu. Miaka mitatu hakujua kama mwanawe anakula au analala njaa, na sasa alikuwa ameishika kazi ya mikono yake, baridi, imefungwa vizuri, haina hata kipande kimoja kilichokosewa.

Na Redio yuko pembeni, anamwangalia usoni.

Ningependa kusema alipiga moyo konde akasema ukweli. Hakusema. Aliona mtaa mzima ukijua kabla ya chakula cha jioni kwamba yule wa kiti cha kuzunguka anamenya karoti. Akayameza machozi, na ili yasionekane, akapaza sauti. Na sauti ya Mpishi mnaijua nyinyi? Ni sauti iliyofunzwa na jiko. Iliyokuwa ikiita wanafunzi mia sita kutoka uwanja wa mpira bila kengele.

"Bei hii? Kwa karoti? Huu ni wizi! Hii ni kazi ya mtu aliyeshindwa na shule. Mimi hata mbuzi nisingempa!"

Akairudisha trei rafuni. Redio akacheka mpaka akashika mbavu, wakaenda kwenye sabuni. Ulimi hauna mfupa, wahenga walisema, na wa Mpishi haukuwa hata na breki.

Usiku huo hakulala vizuri, na asubuhi alikuwa mlangoni mwa supamaketi kabla hawajafungua. Alikwenda moja kwa moja kwenye zile rafu, akageuza trei moja moja, akachukua zote za kumi na nne. Zilikuwa tatu. Hapo ndipo aliposikia visu. Nyuma ya rafu kulikuwa na mwanya wa mlango usio na ubao, umeninginizwa pazia la vipande vya plastiki nzito, na nyuma ya pazia meza za kukatia. Tok, tok, tok. Mikono mingi, lakini mmoja ulikuwa na mapumziko mafupi katikati, mapumziko ya karoti inapoviringishwa. Mwanawe alikuwa hatua tano kutoka hapo.

Alisimama. Alifungua mdomo. Aibu ya jana ikamshika koo, na ya miaka mitatu nyuma yake, akafunga mdomo akaenda kulipa.

Wiki iliyofuata vilevile. Alipanga cha kusema njiani, akafika, akasikia visu, akanyamaza kama maji mtungini. Alijiambia: acha kwanza nile kazi yake, nimzoee tena, wiki ijayo nitaita. Nyumbani alipika karoti zile polepole, akala zote hata maji yake, na siku hizo chumba chake hakikuwa kipweke sana. Wafanyakazi wa rafuni wakamzoea. Kijana mpanga bidhaa alimwona akigeuza trei akauliza, "Mama, kwani za nambari nyingine zina nini?" Akamjibu kwa kunong'ona, "Za nambari nyingine zimekatwa. Hizi zimeandaliwa." Kijana akacheka, akaenda nyuma ya pazia na masanduku yake.

Wiki ya tano mkono ukabadilika.

Mtu mwingine asingeona. Vilikuwa vipembe vilevile, nambari ileile, lakini vinene, vya kusitasita, na mikia mifupi mno. Mpishi alivitandaza mezani akavitazama kama daktari anavyotazama ulimi wa mgonjwa. Hasira? Hapana, mwenye hasira hukata vyembamba. Uchovu? Aliyechoka hukosea mwishoni, siyo mwanzoni. Ndipo akakumbuka wasaidizi wake wa jikoni, kila mmoja alipopata ujauzito: harufu ya mboga mbichi ilimchefua, akakata haraka haraka, vinene, uso ameugeuza pembeni. Haijawahi kumdanganya hiyo. Alikuwa akijua kabla ya waume zao.

Mpishi alikaa kwenye kiti chake akacheka peke yake, kisha akalia, kisha akainuka kutafuta sindano za kufumia.

Alifuma shali ya mtoto kwa uzi wa rangi ya maziwa. Vidole vyake vilikuwa vimeanza kukakamaa, mishono ikatoroka, akafumua, akafuma tena. Jumatano alinunua trei, na kila Jumatano mkato ulikuwa unatulia kidogo, akasema moyoni, kichefuchefu kimepungua, mimba inakaa. Redio alipomkuta na ule uzi akauliza ni wa nani. Kwa mara ya kwanza Mpishi hakumdanganya. "Wa mjukuu," alisema, na hakuongeza neno. Redio akakosa la kutangaza, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea.

Miezi minne ikapita. Shali ikaisha. Mpishi alioga, akavaa gauni lake la kuagwa kazini, akaikunja shali ndani ya karatasi, na hakupitia mbele. Alizunguka nyuma ya jengo, mahali malori yanaposhushia mizigo, maganda yanapotupwa. Njiani alikuwa amelifupisha neno lake mpaka likabaki moja, ili woga usipate pa kuingilia. Nisamehe. Basi. Mengine yangejiongea yenyewe.

"Namtafuta nambari kumi na nne," alimwambia mlinzi.

Mlinzi akaita ndani. Mpishi akaibana shali kifuani. Akatoka msichana mwembamba, buti za mpira, aproni nyeupe, kofia ya nailoni kichwani, kwenye aproni pameandikwa kumi na nne. Hakuwa Kidole.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," alisema Mpishi. "Nambari kumi na nne... ndiwe?"

"Ndimi." Kisha msichana akamtazama vizuri, akapiga makofi. "Ngoja! Wewe ndiye mama wa Jumatano! Unayegeuza trei! Jamani, sisi humu tunakuita Mama Kumi na Nne. Mpanga bidhaa alituambia ulichosema, kwamba zetu zimeandaliwa. Karibu, mama. Umekuja kulalamika? Najua mwanzoni nilikuwa nakata vibaya. Huu mkato mgumu."

"Nani alikufundisha?"

"Dada mmoja aliyekuwa na nambari hii kabla yangu. Nambari hapa ni ya meza, siyo ya mtu. Wewe ulianza kununua za kwake, mama. Mimi nimekurithi." Akacheka, kisha akaacha. "Yule dada alikuwa na mkono! Lakini aliondoka."

"Aliondoka kwa nini?"

Na msichana, ambaye hakuwa na ubaya hata chembe, akamweleza. Alimweleza kama unavyomweleza mgeni mzuri habari za mtu asiyemhusu.

"Mama yake alikuja hapa dukani. Walikuwa hawaongei miaka. Dada alisikia sauti yake, akaacha kisu, akaja mpaka pale kwenye pazia. Alikuwa anatabasamu, mama, sijawahi kumwona vile. Akaniambia, 'Ameushika! Ameshika mkato wake, ameujua.' Akaanza kuvua aproni atoke. Basi yule mama akapaza sauti. Kwamba ni wizi. Kwamba ni kazi ya aliyeshindwa shule, hata mbuzi hampi. Watu wakacheka huko nje."

Lori lilirudi nyuma likipiga mlio wake. Msichana akasubiri litulie.

"Dada akaifunga tena aproni. Hakulia. Alitoa taarifa ya kuacha kazi siku ileile, akabaki wiki nne za mkataba, na wiki zote hizo alikuwa ananifundisha mimi. Nikamwambia, dada, mtu amekutukana hivyo, wa nini tena mkato wake? Akasema, 'Ni mkono wa mama yangu. Sitaki upotee.'"

"Wiki nne," alisema Mpishi. "Nilikuwa nakuja. Jumatano zote nilikuwa nakuja."

"Eeh! Na ulimsaidia sana, nikwambie ukweli. Mpanga bidhaa alipotuletea habari zako, kwamba kuna mama mzee anatafuta za kumi na nne tu, dada alifurahi. Alisema, 'Angalau kuna mama wa watu anayejua thamani ya kazi yangu. Laiti angekuwa wangu.'"

Maini yalimkatika Mpishi, akahisi kabisa yanavyokatika, na bado alikuwa amesimama. Siku ya kunyamaza alikuwa amesema, na siku za kusema, nne nzima, hatua tano tu, alikuwa amenyamaza na trei mkononi. Neno lake moja lilikuwa bado liko mdomoni, halina wa kupewa.

"Yuko wapi?"

"Alipata kazi ya jikoni kwenye meli ya mizigo. Alisema anataka pahali ambapo hakuna atakayepita akamjua. Namba aliyoniachia haipatikani. Nimejaribu mara nyingi." Msichana akaangalia ile karatasi kifuani mwa mzee. "Mama, kwani ulimfahamu?"

"Alikuwa... alikuwa na mimba?"

"Dada? Hapana," alisema msichana, akishangaa. "Nani kakwambia?"

Mpishi aliitazama mikono ya msichana. Ilikuwa mikono mizuri, yenye alama za kujikata, ya mtu anayejifunza. Mikono ile ndiyo iliyokata vinene, ikasitasita, ikatulia wiki kwa wiki. Miezi minne alikuwa amekula jasho la mtoto wa mwenzake na kulifumia shali.

"Ukikaribia mkia," alisema mwishowe, "usiogope kukata kirefu. Kirefu zaidi ya unavyodhani."

"Ndivyo alivyokuwa akiniambia," alisema msichana. Aliitwa ndani, akaaga, akakimbia na buti zake.

Mpishi alizunguka jengo, akaingia kwa mlango wa mbele. Ilikuwa Jumatano, watu wengi, akina mama na watoto, wafanyakazi wa mapumziko ya mchana. Alikwenda mpaka kwenye rafu ya mboga, akasimama palepale aliposimama na Redio. Akachukua trei ya kumi na nne. Nyuma ya pazia visu vilikuwa vinafanya kazi.

Akafungua mdomo, na safari hii hakuna kilichomshika koo. Ilitoka ile sauti ya jikoni, yote, ya kuita watu mia sita.

"Mkato huu ni wa binti yangu! Binti yangu ni mkata mboga, na hakuna anayemfikia! Bei yake ni halali! Msikie nyote, bei yake ni halali, hata ingekuwa mara mbili!"

Mtoto mmoja akajificha nyuma ya mama yake. Mpishi alisubiri, macho kwenye pazia, kama mtu anayesubiri kuitikiwa. Visu vilikuwa vimeacha. Vipande vya plastiki vikasogea kidogo, na nyuma yake msichana alikuwa amesimama, kiganja mdomoni, sasa anajua anamwona nani.

Hakuna mwingine aliyetoka.

Mpishi akaenda kulipa. Keshia, ambaye alisikia kila kitu kama wengine, alipitisha trei taratibu, akauliza kwa upole, "Nikupe mfuko, mama?"

"Ninacho cha kubebea," alisema. Akafungua karatasi, akatandaza shali juu ya kaunta, akaiweka trei katikati, akaifunika pembe moja baada ya nyingine, akaibeba kwa mikono miwili mpaka nyumbani.